Wasiwasi Tu, Wamesema

3 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo nyingi, zangu na za watoto. Mume wangu anakuamkia pia. Bado anatengeneza mafriji ya watu mji mzima, na friji letu linavuja maji mpaka mlangoni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na ukisikia unasikia nusu. Mara ya mwisho nilikuambia naumwa, ukanipongeza kwa kuhama.

Sasa nisikilize vizuri. Jumatano nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja muuza vitambaa, ndiyo kwanza ameanza kushika usukani. Tulipokaribia mzunguko mkubwa wa barabara, ule wenye malori kila upande, moyo wangu ukaanza kwenda mbio kama unakimbizwa. Vidole vikafa ganzi. Midomo nayo ikawa kama si yangu. Kifua kikabana, nikawa navuta hewa na haifiki mahali. Nikamwambia, "Simama pembeni." Akasimama, tena vizuri kuliko siku zote. Nikamwambia, "Nakufa." Akanitazama kwa macho ya kuomba, akasema, "Mwalimu, tafadhali usife hapa, kurudi nyuma hujanifundisha."

Ndiye aliyenipeleka hospitali. Njia nzima gia ya pili, injini inalia, indiketa inawaka hata pasipo kona. Tulipofika moyo ulikuwa umeshatulia, nikaonekana nimekuja kutembea.

Walinipima umeme wa moyo. Daktari kijana akaitazama ile karatasi akasema, "Moyo wako mzima kabisa, mama. Huo ni wasiwasi tu." Tu! Wasiwasi gani wa kuua vidole? Ijumaa nikaenda hospitali nyingine, wakasema neno lilelile, kama wamekubaliana kwa simu.

Shangazi, wewe unajua ninachoogopa. Baba alikuwa mzima kama chuma. Alishuka kwenye nguzo zake za umeme jioni, akaja nyumbani, akakaa kibarazani kuvua viatu, akaanguka. Hakuwahi hata kukohoa. Na mwaka huu mimi nafikia umri aliokufa nao. Sasa daktari ananiambia niende nikapumzike!

Nijibu, tafadhali, hata kama ni kunigombeza.

Wako,
Chiriku

---

20 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na wajukuu waambie marahaba zao ziko hapahapa, waje wazichukue. Sisi tupo. Binamu yako Mzito ametafuta kazi akaipata, akaiacha kwa sababu msimamizi alimwita mzito. Nikamwambia, hata mimi mama yako nakuita hivyo, tangu ulipokataa kutoka tumboni kwa wakati. Yuko nyumbani, ananisaidia dukani, yaani anakaa juu ya mashuka ya wateja.

Umesema nikugombeze. Umenirahisishia kazi.

Wewe mtoto, umepimwa mara mbili. Mara mbili umeambiwa mzima. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri wakiomba kusikia neno hilo, wewe umelipata bila foleni, umekasirika! Ungefurahi kama wangekuambia una tundu kwenye moyo? Ungeandika, "Shangazi, asante Mungu, lipo"?

Tangu utoto wako uko hivyo. Ulimeza mbegu ya chungwa ukaja kuniaga. Ukaniambia mdoli wako nimpe mtoto wa jirani. Chungwa lenyewe mpaka leo halijaota.

Punguza kazi. Kula. Lala. Acha kusoma magonjwa kwenye simu, maana nakujua, ukianza na kikohozi unamalizia na jeneza. Na mwache baba yako apumzike, usimchomoe kila unapobanwa na kifua.

Mimi mwenyewe siku hizi nina hasira bila mpangilio. Juzi nimeunguza kola ya shati la mteja, shati la harusi, kwa sababu mkono ulicheza pasi ikiwa juu yake. Dobi wa miaka yote hii! Bwana harusi alikaa dukani akanitazama kama nimemuunguza yeye. Nikamshonea kola nyingine kwa kitambaa cha upande wa ndani, akaenda akaoa, wala hakuna aliyeona. Lakini joto la mwaka huu, mwanangu, linatia watu wazimu.

Tulia. Nimesema tulia.

Shangazi yako

---

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Watoto hawajambo, mdogo ameng'oka jino akalificha asije akaulizwa. Mume wangu ametengeneza friji letu, sasa halivuji ila halipoi.

"Tulia." Shangazi, hujui jinsi neno hilo linavyoudhi. Mkuu wa shule ya udereva ameniambia tulia, mume wangu ameniambia tulia, muuza vitambaa naye, sasa anarudi nyuma vizuri, ameniambia, "Mwalimu, tulia, nitakuendesha." Kama ningejua kutulia ningekuwa nimetulia zamani, nisingengoja ruhusa! Imenijia mara nyingine tena na tena: benki, kanisani kwenye ndoa ya mfanyakazi mwenzetu, na mara moja nikiwa nakata vitunguu, nimetulia kabisa, siwazi lolote. Mkuu wa shule ameniondoa barabarani. Nafundisha alama kwa picha ukutani, darasani, kama mtu aliyestaafu.

Lakini nimempata daktari wa tatu. Usigune, nakusikia ukiguna. Huyu ni mama mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuanza kuandika kabla sijamaliza kusema. Aliniuliza inaanzaje, inapanda vipi, inakaa muda gani, inaondokaje. Akaniuliza kama nikibeba kitu kizito kifua kinauma. Nikamwambia hapana, lifti ya kwetu ni mbovu, nabeba mtungi wa gesi mpaka ghorofa ya nne, nachoka tu kama watu wote. Akasema hilo ni jambo zuri kusikia. Akanieleza kwamba hofu ikishika mwili, mtu anapumua haraka kuliko anavyohitaji bila kujua, na hapo ndipo vidole na midomo vinapokufa ganzi. Inapanda kama wimbi, inafika juu, inashuka yenyewe. "Inatisha kama kufa," akasema, "lakini haiui." Alisema pia kwamba ganzi ni ganzi kweli na moyo unakwenda mbio kweli. Sijitungii. Shangazi, nilitaka kumkumbatia.

Halafu akanionya. Alisema mtu asijipe mwenyewe jina la wasiwasi kabla ya kupimwa, kwa sababu yapo magonjwa yanayojifanya wasiwasi. Upungufu wa damu, sukari kushuka, tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo wenyewe. Maumivu yanayokuja ukifanya kazi nzito na kuondoka ukipumzika, kuzimia, kukonda bila sababu, hayo si ya kukaa nayo nyumbani. Amenitoa damu kupima vyote hivyo, tezi ikiwemo.

Na akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: baba yako alikufa na nini hasa? Nikasema moyo. Akasema, "Moyo upi? Ulikuwa na nini? Kama ni ugonjwa unaorithiwa nakupima kwa njia nyingine, kama sio, utapungukiwa na mzigo mmoja." Mama angekuwepo ningemuuliza. Umebaki wewe peke yako. Baba alikuwa na nini, shangazi? Aliwahi kulalamika? Alipelekwa hospitali utotoni? Lolote unalolikumbuka.

Nangoja.

Chiriku

---

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nisamehe kwa kuchelewa, hapa mambo ni mengi.

Kwanza, bati la dukani limetoboka juu ya meza ya kukunjia, mvua ikinyesha tunakunja nguo tukiwa tumejikunja wenyewe. Mzito alipanda kuziba, likatoboka pengine, kwa umbo lake. Pili, jirani wa upande wa kulia, yule kinyozi, ameanza kupiga muziki mpaka mashati yanacheza kwenye kamba. Nimemfokea mbele ya wateja wake, mmoja amenyolewa nusu. Baadaye nikalia. Mimi! Nimelia kwa sababu ya kinyozi!

Tatu, nina njaa isiyo na adabu. Nakula asubuhi, nakula kabla ya mchana, nakula mchana, Mzito ananitazama kwa wivu. Na bado gauni langu la kijani linanipwaya kama nimeazima. Majirani wananisifu, wanasema nimerudi usichana. Kumbe ni wewe. Ukiniandikia habari za kufa, mimi moyo unanidunda hapa nikiwa nimekaa kwenye kiti sifanyi lolote. Kwa hiyo nakuomba uache, tusije tukaumwa wote.

Daktari wako anaonekana mtu wa maana. Ila mambo ya zamani tuyaache yalale. Baba yako alikuwa mtu mzuri, alipenda kazi yake, alikupenda. Hayo ndiyo ya kujua.

Msalimie mkwe wangu, mwambie friji isiyopoa inaitwa kabati.

Shangazi yako

---

17 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma habari za bati, za kinyozi na za gauni la kijani. Nimeuliza swali moja. Moja tu. Umezunguka mbuyu mpaka umenipa kizunguzungu, nacho nilikuwa nacho tayari.

"Yalale" maana yake kuna kitu kimelazwa. Kama hakuna, andika: hakuna. Kama kipo, andika kipo. Mimi si mtoto wa mbegu ya chungwa tena. Nina watoto wawili, na kila ukifika wakati wa kuvua viatu naogopa, unasikia? Navulia viatu ndani, nimesimama, nimeshika ukuta, kwa sababu baba alikuwa mzima kama chuma akafa ameinama. Hivyo ndivyo mlivyonilea, kwa hadithi hiyo.

Daktari anangoja. Nami nangoja.

Chiriku

---

26 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Watu wote hapa hawajambo, leo sina habari zao.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Mwandiko usikushangaze, mkono unatetemeka siku hizi, na leo umezidi. Mzito alitaka kuandika yeye, nikamfukuza. Haya hayaandikwi na mtu mwingine.

Baba yako hakuwa chuma. Tulipokuwa wadogo aliumwa homa mbaya ya viungo, magoti na viwiko vilivimba, alilala muda mrefu mpaka akasahau kutembea. Alipopona, daktari akamwambia mama yetu kwamba homa ile imeharibu valvu ya moyo, mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Alikua nao. Akipanda mlima alisimama katikati akijifanya anatazama mandhari. Mimi nilijua, mama yetu alijua, basi.

Alipopata kazi ya umeme wa nguzo, alificha. Angesema, wangemweka ofisini kuhesabu nyaya, na yeye alipenda kule juu. Alinieleza jinsi mji unavyoonekana kutoka kule, paa za nyumba na watu wasiojua kwamba kuna anayewaona. Alipotaka kumwoa mama yako, akanishika mikono yote miwili akaniapisha. "Usimwambie. Atanitazama kama yai." Nikaapa. Mwishoni miguu ilikuwa inamvimba. Viatu vilikuwa vinambana, ndiyo sababu alivivua kibarazani kila jioni, hakuweza kungoja afike ndani. Alikuwa anaanza kushindwa, Chiriku, polepole, na mimi nikimtazama. Nilimwambia aende hospitali. Akanijibu, "Mwezi ujao." Mimi nikamwambia usipokwenda nitasema. Naye akanikumbusha kiapo changu, akacheka kile kicheko chake.

Siku ya mazishi watu walisema alikuwa mzima kabisa, ameanguka tu. Mama yako alishika maneno hayo kama mtu anavyoshika fimbo. Sikuona jinsi ya kumnyang'anya. Na wewe ulikuwa pale, umekaa mkekani, unasikia.

Mwambie daktari: homa ya viungo utotoni, valvu ya moyo. Mwambie hakuanguka tu.

Sasa unajua. Nimechoka sana. Ninatoka jasho kama niliyesimama juu ya pasi, na nje kunanyesha.

Shangazi yako

---

4 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ngazini, sikuweza kufika nyumbani nayo. Jirani alipita na kapu lake akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa zamani.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Sitaficha. Nilipiga sufuria, nikafokea watoto, nikamwambia mume wangu mambo ya shangazi yake wakati hana shangazi. Miaka yote hiyo nimetembea nikisubiri kuanguka kama baba, na baba hakuanguka hivyo! Halafu hasira ikaisha, nikabaki na picha yake amesimama katikati ya mlima anatazama mandhari. Mara ngapi alinishika mkono tukasimama hivyo, akanionyesha ndege. Nilidhani anapenda ndege.

Daktari amesikiliza yote. Akasema ugonjwa wa namna ile mtu anaupata kwa ile homa, harithi kwa baba yake. Hata hivyo amenipiga ultrasaundi ya moyo ili tusibahatishe. Nimeiona milango yangu kwenye kioo, shangazi, inafunguka na kufunga kama ya duka lenye wateja. Damu safi, tezi safi, sukari safi. Kwa hiyo ni wasiwasi, na safari hii nimekubali, kwa sababu hakusema "tu". Amenipa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, ananifundisha kutoa pumzi polepole na kuliacha wimbi lipite bila kukimbilia hospitali. Halijaisha. Jana limenijia kwenye duka la dawa, nikashika rafu ya sabuni nikangoja. Likapita. Muuzaji alidhani nachagua.

Sasa zamu yako.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Mkono unaotetemeka mpaka unaunguza kola. Njaa isiyo na adabu, na bado gauni linapwaya. Moyo unadunda umekaa kitini. Jasho wakati wa mvua. Hasira, na machozi kwa ajili ya kinyozi. Nimemsomea daktari. Aliacha kalamu akaniuliza, "Huyu shangazi yuko wapi, na amepimwa lini?" Wimbi langu mimi linakuja na kuondoka, shangazi, katikati niko kama kawaida. Lako haliondoki. Na wasiwasi haumkondeshi mtu anayekula kama mpasua mbao. Anasema inaweza kuwa tezi ya shingoni, ile iliyopimwa kwangu ikakutwa safi. Inaweza kuwa jambo jingine pia. Kwa barua hawezi kujua, na mimi siwezi, na wewe huwezi.

Nenda ukapimwe. Wiki hii.

Chiriku

---

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi moyo wako ni duka lenye wateja. Duka langu leo halina, kinyozi ameongeza sauti.

Kuhusu hilo lingine, jamani, niache. Mtu akisomea udereva kidogo anaendesha watu, wewe umesomea ugonjwa kidogo unaugawa. Mimi ninajua nilicho nacho. Nimebeba siri ya kaka yangu nusu ya maisha yangu, nimeitua, mwili umeshtuka. Huo ni wasiwasi. Si umesema wewe mwenyewe kwamba ni kitu cha kweli? Basi nakiheshimu, nimekaa nacho.

Isitoshe nimekwenda kwenye ile zahanati ya jirani, nikaangalia foleni kupitia dirishani, nikarudi. Watu wote mle wanaonekana wagonjwa.

Nitakwenda mwezi ujao.

Shangazi yako

---

28 Juni

Shangazi,

Shikamoo, ingawa mkono unauma kuiandika.

Ulinigombeza nilipopimwa mara tatu. Wewe hujapimwa hata mara moja, na umejitangazia matokeo! Mimi nilikuwa mzima nikang'ang'ania kuumwa. Wewe unang'ang'ania wasiwasi kama mtoto anavyong'ang'ania blanketi. Familia gani hii?

Nakurudishia humu barua zako mbili. Tafadhali soma tena ile ya mwezi wa tano. Soma alichokujibu baba ulipomwambia aende hospitali. Halafu soma mstari wako wa mwisho wa juzi.

Sina kiapo kwako. Barua hii ikishakufikia, nampigia Mzito namwambia yote ya ugonjwa wako. Yeye simu anasikia.

Chiriku

---

30 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, msaliti.

Nilikasirika mpaka nikaishiwa maneno, ndiyo sababu ya kimya hiki. Mzito alipokea simu yako. Alifunga duka mchana kweupe, kukiwa na wateja wawili ndani, akaleta gari la kukodi mlangoni, akasema, "Mama, ingia, au nikubebe." Nikamtazama. Anaweza. Nikaingia.

Kisha nikasoma ile mistari uliyosema nisome. Niliisomea kwenye benchi la hospitali, maana nilikuwa nimeziweka barua ulizonirudishia kwenye pochi ili nikuoneshe kosa lako. Sikuliona. Niliona "mwezi ujao", mara mbili, moja ya kaka yangu na moja yangu, na mwandiko ni mmoja. Nikatulia. Nikaacha hata kumfinya Mzito.

Ni tezi. Ulisema inaweza kuwa, nayo ikawa, usianze kujivuna. Daktari alinishika shingo akaniambia nimeze mate, akaniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilicheza ngoma yote iliyopo duniani. Damu ikaeleza mengine. Amesema tezi inauchapa mwili mbio usiku na mchana, na moyo ulikuwa umeshaanza kupoteza mapigo yake. Kama ningekaa na ugonjwa huu nikiuheshimu, ungenichukua. Alisema hivyo kwa upole, nikamfokea hata hivyo. Nikamwomba radhi kwenye korido.

Akaniuliza kama kuna aliyewahi kuumwa moyo nyumbani kwetu. Nikamwambia ndiyo, kaka yangu, nikaeleza kila kitu kwa sauti yangu hii kubwa, maana sisikii ninavyosema. Mzito alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa anajua. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono, lile jitu, kama ananivusha barabara.

Vidonge nimeanza. Wamesema vitachukua muda, nisitegemee ajabu wiki hii. Kinyozi amesikia ninaumwa, amepunguza muziki, sasa kimya kinaniudhi.

Chiriku, kuna jambo nataka kukuuliza, na usicheke. Leo asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nivae, moyo ukaanza. Ulikwenda mbio, na mara nikaogopa, hofu ya kweli, kama mtu amesimama nyuma yangu. Vidole vikafa ganzi. Midomo pia. Haya ya midomo sikuwahi kuwa nayo, haya ni yako. Sasa hii ya leo ni ipi? Ni tezi, au ni ule wako? Miezi yote nilikuambia tulia, na mimi nimekaa pale nguo moja mkononi siwezi hata kuinuka.

Wewe ndiye uliyesoma njia hizi zote mbili. Niambie ni ipi.

Shangazi yako

---

5 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sicheki.

Sijui ni ipi. Inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa hofu, zinaweza kuwa zote mbili zimekaa kiti kimoja, na mtu yeyote atakayekuambia kwa barua anakudanganya, hata kama ni mimi. Ndiyo maana Mzito anakupeleka kesho kwa daktari wako, siyo siku ya miadi, kesho. Nimeshazungumza na Mzito, na barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi ikufikie leo usiku. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na ile nguo mkononi usiiache.

Ikija tena kabla hujafika, mwite Mzito akae karibu yako. Toa pumzi polepole, kwa mdomo, kama unapuliza uji. Usipambane nayo. Na kifua kikiuma, au ukihisi kuzimia, usingoje nani ashinde, nendeni hapohapo.

Mimi nakuja Jumamosi. Mkuu wa shule amenirudisha barabarani, amenipa gari, lenye breki mbili na maandishi makubwa ubavuni. Ni safari ndefu na huenda nikasimama njiani mara mbili tatu kungoja wimbi lipite. Kwa hiyo nikichelewa, shangazi, usiogope. Nitakuwa nimeegesha mahali, natazama mandhari.

Chiriku